Walimu wa Jeshi Letu: Hotuba ya Mgeni Rasmi, Mahafali ya Wanasheria, Goma, 2014



Nimeombwa niseme juu ya sheria. Nitasema juu ya jeshi, maana sisi watu wa Goma hatutaji moja tukaacha lingine.

Nchi hii haijawahi kukosa walimu wa kijeshi. Enzi za Mobutu, Waisraeli walifundisha askari wa miavuli, Wafaransa wakalea brigedi ya 31, Wakorea Kaskazini wakaja na divisheni ya Kamanyola. Mwaka 1997 jeshi lote hilo lilisambaratika mbele ya waasi wa AFDL.

Mwaka 2010 Wamarekani waliwafundisha askari wapatao 750 huko Kisangani: bataliyo ya 391. Tarehe 20 Novemba 2012, waasi wa M23 walipoingia mjini humu, bataliyo hiyo ilikuwa kati ya vikosi vilivyorudi nyuma kupitia Sake hadi Minova. Yaliyofuata mnayajua. Umoja wa Mataifa uliorodhesha visa 135 vya ukatili wa kingono, ukaitaja bataliyo ya 391 pamoja na ya 41 kuwa zilihusika. Mei mwaka huu, mahakama ya kijeshi iliyoketi papa hapa Goma ilitoa hukumu kwa washtakiwa 39 wa kesi ya Minova. Waliopatikana na hatia ya ubakaji ni wachache mno.

Je, tuwalaumu walimu? Jeshi hili hili, mwaka jana, likiwa na uongozi mpya na marehemu Kanali Mamadou Ndala mstari wa mbele, tena Watanzania, Waafrika Kusini na Wamalawi wakiwa ubavuni, liliwafukuza M23 kutoka Kibati mpaka Chanzu. Askari ni Wakongomani wale wale. Kilichobadilika ni aliyewaongoza na waliosimama nao.

Ndiyo maana mimi nawaheshimu zaidi wageni wa EUSEC, ujumbe wa Ulaya uliofika 2005. Hawakuanzia kwenye bunduki. Walianzia kwenye daftari la mishahara. Waliwahesabu askari kwa alama za vidole, wakamtenganisha anayetoa amri na anayegawa pesa. Kazi hiyo haina gwaride wala picha za magazetini, lakini askari mwenye njaa husahau somo lolote.

Wahitimu, baadhi yenu mtakuwa waendesha mashtaka wa kijeshi. Mkataba mwingine wa mafunzo ukisainiwa Kinshasa, ulizeni nani atawalipa askari hao mwalimu akishapanda ndege, na nani atawashtaki makamanda wao. Na faili la Minova, msikubali lifungwe.