Kuchagua na Kuchanganya Miche ya Parachichi
Mche wa parachichi hununuliwa leo, lakini udanganyifu hubainika baada ya miaka mitatu au zaidi, tunda litokapo. Kwa hiyo tunawasihi mkague kovu shinani, pale mche ulipobebeshwa, na mdai stakabadhi yenye jina la aina.

Penye nafasi ya miti miwili, msipande Hass pekee. Ua la Hass hufunguka asubuhi likiwa jike, hufumba, kisha hufunguka tena alasiri ya siku ya pili likiwa dume. La Fuerte huanza alasiri likiwa jike, na asubuhi ifuatayo huwa dume. Ndipo nyuki huichukua chavua yake wakaipeleka kwa Hass iliyo tayari. Hass ya peke yake huzaa, naam, ila mara nyingi kwa uchache. Muuzaji asemaye aina zote ni sawa aulizwe hilo kabla ya kulipwa.