KASI YA MBIO FUPI HUFUNDISHWA
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Mpanda)



Kila shule zetu zinaposhindana, sisi watumishi ndio tuitwao kushika saa, kupiga mstari wa chokaa na kuandika majina ya washindi. Basi yatupasa kulijua jambo tunalolisimamia. Neno langu ni moja tu: kasi ya mbio fupi hufundishwa, na kwa mafundisho mabaya huharibika.

Nakiri kosa langu kwanza. Zamani nilipewa kijana mmoja nimtengeneze kwa mashindano. Katika mita 100 aliwaacha wenzake wote nyuma. Nami kwa kutaka awe hodari zaidi, nikamzungusha uwanja mara ishirini kila jioni. Baada ya miezi mitatu alikuwa na pumzi nyingi, lakini wale aliokuwa akiwashinda walimshinda. Hakuwa mvivu; mimi ndiye niliyemfundisha kwenda polepole.

Wako wasemao kwamba nchi yetu ni ya mbio ndefu, na mbio fupi tuwaachie wengine. Sikatai sifa ya mbio ndefu. Lakini tazameni yaliyotukia Tokyo mwezi wa Septemba mwaka 2025. Alphonce Simbu wetu alikimbia marathoni ya ubingwa wa dunia, zaidi ya kilometa 42, akafika pamoja na Amanal Petros wa Ujerumani. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Simbu alipata dhahabu kwa tofauti ya sekunde 0.03. Safari ndefu kama ile iliamuliwa na hatua chache za kasi!

Na majirani zetu wamekwisha kuonyesha kwamba mbio fupi si za watu wa mbali. Seraphino Antao wa Mombasa alishinda yadi 100 na yadi 220 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Perth, mwaka 1962. Ferdinand Omanyala, naye wa Kenya, aliyewahi kucheza raga, alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 mjini Nairobi mwaka 2021.

Sasa kasi hupatikanaje? Sote tumeliona garimoshi likiondoka stesheni yetu kuelekea Kaliua. Kwanza huvuta kwa nguvu, kisha huteleza. Mkimbiaji naye ni hivyo. Katika mita 30 za kwanza huinamisha mwili mbele na kuisukuma ardhi nyuma kwa nguvu zake zote. Kisha huinuka kidogo kidogo. Kasi yake kubwa huifikia baadaye, na hapo mguu hugusa chini kwa muda wa sehemu moja ya kumi ya sekunde, au pungufu yake. Tangu hapo kazi yake ni kulegeza mabega na uso, maana akikaza mwili hupungukiwa.

Kwa hiyo mafundisho yawe mafupi. Baada ya kuupasha mwili moto, kijana akimbie mita 20 au 30 mara nne, kisha mita 60 mara mbili au tatu, kila mara kwa nguvu zote. Kati ya mbio na mbio apumzike sana: kipimo chepesi ni dakika moja kwa kila mita 10 alizokimbia. Mita 60, dakika sita. Mtazamaji atadhani ni uvivu, lakini mwili uliochoka hauwezi kujifunza kasi. Siku mbili au tatu kwa juma zatosha, wala zisifuatane. Kilima kifupi na michezo ya kuruka humwongezea nguvu za miguu. Saa ya mkononi ikionyesha kwamba mwendo umeanza kushuka, kazi ya siku hiyo imekwisha.

Jambo la mwisho ni adhabu. Mtoto akichelewa au akikosa, huambiwa azunguke uwanja. Hivyo tunamfundisha kuchukia mbio, na kwenda kwa miguu mizito.

Bwana Mwenyekiti, nashauri chama chetu kichague mahali tambarare penye majani, tung'oe visiki, tuondoe mawe na kupima mita 80 zilizonyoka: 60 za kukimbia na 20 za kupunguza mwendo. Hapana haja ya fedha, ila kamba, majembe na Jumamosi mbili. Kisha wanachama wawili wawili washike zamu ya saa na daftari.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Nasi tusiwe na haraka na watoto hawa; kasi yenyewe hujengwa polepole.