Hamira Inayojipikia Sumu

Anayepika pombe ya kwete anaijua hamira tayari. Kinachosahaulika ni kwamba hamira, ambayo ni kuvu, ina undugu wa karibu zaidi na binadamu kuliko na bakteria.

Hapo ndipo tabu ya waganga inapoanzia. Dawa ya tetrasaiklini huzizuia ribosomu za bakteria, zinazounda protini, na mgonjwa akapona. Ribosomu za hamira zinafanana mno na za binadamu. Kemikali ya saikloheksimidi huzisimamisha barabara, lakini humdhuru mtu pia, kwa hiyo imebaki maabara.

Dawa ya flusitosini ilipitia mlango wa uani. Ilitengenezwa mwaka 1957 kwa ajili ya saratani, na saratani haikutishika. Ikiingia ndani ya Cryptococcus, hamira inayoleta homa ya uti wa mgongo kwa watu ambao VVU vimewashusha kinga, kimeng'enya cha hamira yenyewe huigeuza kuwa fluorourasili. Seli za binadamu hazina kimeng'enya hicho. Sumu hiyo hujipenyeza katika RNA, protini zikatoka mbovu, na utengenezaji wa DNA nao ukakwama. Lakini haikosi madhara: bakteria wa utumbo huweza kuigeuza kiasi, uboho ukaumia, ndiyo maana damu ya mgonjwa hupimwa kila mara. Na ikitumiwa peke yake, kuvu huizoea upesi.

Kwa hiyo huenda na dawa nyingine. Utafiti wa AMBITION, uliochapishwa mwaka 2022, ulikuwa na wagonjwa 844 wa Uganda, Malawi, Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini. Dozi moja kubwa ya amfoterisini B ya liposomu, pamoja na flusitosini na flukonazoli kwa siku 14, ililinganishwa na tiba ya dripu za kila siku kwa wiki nzima. Kufikia wiki ya 10 walifariki asilimia 24.8 dhidi ya 28.7: dozi moja haikuwa duni, na madhara yake yalikuwa machache zaidi. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likaipendekeza tiba hiyo ya dozi moja. Kwa wodi iliyo mbali na Kampala, dripu moja badala ya saba si jambo dogo.

Wahitimu watakaoingia maabara watakutana na kuvu hii mapema zaidi. Kipimo cha ukanda huitambua kwenye damu kwa dakika 10 hivi, pengine wiki kadhaa kabla kichwa hakijaanza kuuma. Akikutwa nayo, na maji ya uti wa mgongo yakiwa safi, mgonjwa huanzishiwa flukonazoli.