Lawama Hunasa, Sifa Hupenya



Mvuvi wa Kizingitini analijua jarife: papa hunasa, dagaa hupenya. Mtu mwenye tatizo la haiba liitwalo la mpakani hupokea habari zinazomhusu kwa wavu kama huo. Lawama hunasa, sifa hupenya.

Jina hilo lilitumiwa na daktari Adolph Stern wa New York mwaka 1938, wagonjwa hawa walipodhaniwa kuwa mpakani mwa makundi mawili ya maradhi ya akili. Leo inaeleweka kuwa dalili zake ni hisia kali zinazogeuka upesi, hofu kubwa ya kuachwa, na kutojijua sawasawa: asubuhi mtu hujiona ana thamani, jioni hajioni kitu.

Chukueni mfano wa binti nyumbani. Mamake amwambia, "Wali wako leo mzuri." Binti ajiuliza: ananikejeli? Au wa jana ulikuwa mbaya? Baadaye shoga yake apita barazani bila kumwamkia. Hapo hajiulizi, ameshakata shauri kuwa yeye ni wa kuchukiwa. Usiku huo huenda akajiumiza.

Watafiti wameliona jambo hilo. Watu hawa wakielezwa maoni ya wengine juu yao, huyakubali mabaya kuwa kweli zaidi ya watu wengine. Mazuri hayawafurahishi sana, kwa sababu hayalingani na picha waliyo nayo moyoni.

Kwa hivyo kumwambia "wewe ni bora kuliko wote" hakusaidii sana; hataamini. Afadhali neno dogo la kweli, juu ya jambo analolijua: "Leo umempeleka bibi kliniki, ahsante." Lisemwe tena kesho na keshokutwa. Kosa likitajwa, litajwe kosa, si mtu: "umechelewa", si "hufai". Anayeondoka aseme atarudi lini, kisha arudi.

Hili si ukosefu wa adabu, wala si kifungo cha maisha. Profesa Marsha Linehan wa Marekani, aliyebuni tiba ya mazungumzo na mafunzo ya kutuliza hisia, alieleza hadharani mwaka 2011 kuwa yeye mwenyewe alilazwa katika hospitali ya akili akiwa msichana. Wengi hupata nafuu.

Sheria ya Afya ya Akili, iliyorekebishwa mwaka 2022, inazipa serikali za kaunti wajibu katika huduma hizi. Mtu akijiumiza, au akisema anataka kufa, asikemewe wala asiachwe peke yake. Apelekwe kituo cha afya kilicho karibu, na ikihitajika apewe rufaa ya hospitali kubwa, iwe Faza, Mpeketoni au King Fahd mjini Lamu. Anayemsindikiza amsikilize njiani; safari ya boti ni ndefu kwa mtu anayejiona mzigo.