Tundu Lililo Chini ya Maji

Hotuba ya Katibu wa Umoja mbele ya Mkutano Mkuu wa Kutimiza Miaka Kumi



Wenzetu waliotangulia wamekwisha kueleza hesabu za mbata na korosho, ujenzi wa ghala, na hali ya vyama vya msingi. Sisi tumeagizwa na Kamati tuzungumze habari za mashua yetu. Katika mashua hiyo tumechagua kitu kidogo ambacho wengi wenu hamjapata kukiona, kwa kuwa kimejificha chini ya mbao za tezini. Kitu hicho ni bilula, yaani koki, inayoizuia bahari isiingie chomboni.

Huenda mkulima akauliza, "Mimi nina minazi yangu, bilula ya chombo yanihusu nini?" Jibu ni fupi. Mbata ikitoka ghalani haijawa fedha bado. Huwa fedha ikifika ng'ambo ya Mlango wa Mafia, na kati ya ghala na fedha pana maji.

Wazee wetu walikuwa na tundu moja tu chini ya chombo, nalo lilizibwa kwa nguruzi. Chombo kikipandishwa pwani, nguruzi ilichomolewa ili maji ya ngama yatoke. Na kabla ya kushushwa majini ilirudishwa mahali pake. Kila baharia alilijua tundu hilo na aliliogopa. Siku hizi tumetia mashine ndani ya mashua ya tanga, na mashine hiyo hunywa maji ya bahari ili ipoe. Kwa hiyo fundi hutoboa ubao chini ya maji, akapitisha shingo ya madini, juu ya shingo akafunga bilula, na kwenye bilula akavika mpira unaokwenda mashineni. Tundu la pili ni la pampu inayotoa maji ya ngama. Chombo kikisimama wima, tundu hilo huwa juu ya maji. Lakini tanga likishika upepo na chombo kikilala ubavu, nalo huzama. Basi katika mashua ya tanga, tundu lililo karibu na maji lihesabiwe kuwa limo majini.

Na tuhesabu pamoja. Tundu lenye upana wa milimita 25, likiwa sentimita 60 chini ya uso wa maji, huingiza kadiri ya lita 60 kwa dakika. Hilo ni debe la lita 20 katika kila sekunde 20. Kwa saa moja ni lita 3,600, uzito unaozidi tani tatu na nusu. Upana wa tundu ukiwa mara mbili, maji huingia mara nne. Mtu mwenye nguvu ataweza kufua maji hayo kwa muda. Hataweza usiku kucha.

Sasa tutaeleza lililotupata, na tunaomba mtusikilize kwa subira, kwa maana kosa lilikuwa letu.

Katika mwaka wa sita wa Umoja, mashine ilipotiwa, tulikwenda mjini kununua vifaa. Fundi wa vyombo alikuwa ametuagiza bilula ya bronzi. Dukani tukaonyeshwa nyingine, yenye kung'aa kama fedha, iliyotengenezwa kwa mabomba ya nyumbani, kwa theluthi ya bei. Tukainunua pamoja na shingo yake. Tuliporudi tulijisifu mbele ya Kamati kwamba tumeokoa fedha za wanachama. Maneno hayo yameandikwa katika kumbukumbu za mkutano, na sahihi iliyo chini yake ni yetu.

Katika mwaka wa nane nahodha alikuja ofisini. Alisema kwamba amelikwaruza shingo lile kwa kisu, na rangi iliyoonekana si ya manjano bali ya waridi. Tena kulikuwa na chumvi nyeupe penye maungio. Tukamjibu kwamba ghala limejaa na mnunuzi anangoja, na kwamba jambo lake litawekwa katika ajenda ya mwezi ujao. Nahodha ni mtu wa adabu. Aliitikia, akaondoka.

Katika safari hiyohiyo, usiku, kusi likivuma, shingo lilikatika. Baharia kijana aliyeshuka ngamani alikuta maji yamekwisha kufika kwenye magunia ya chini. Hapakuwa na kizibo. Akavua shati lake, akaviringia kumbi la nazi, akalishindilia tunduni na kulikaza kwa mguu mpaka alfajiri, huku wenzake wakifua maji. Magunia 31 ya mbata yalitupwa baharini ili chombo kiwe chepesi. Watu wote wanne walifika salama, na kwa hilo tunamshukuru Mungu. Wenye magunia hayo wamo ukumbini humu. Umoja uliwalipa kutoka katika mfuko wa akiba, na malipo yale yangaliweza kununua bilula za bronzi za miaka mingi.

Tangu siku ile tumejifunza, kwa mafundi na kwa vitabu, yale tuliyopaswa kuyajua kabla. Tunayataja hapa ili vyama vya msingi vyenye vyombo visiyanunue kwa bei tuliyolipa sisi.

Kwanza ni madini. Shaba ya manjano, ambayo mafundi huiita brasi, ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Katika maji ya chumvi zinki hutoka kidogo kidogo na kuiacha shaba peke yake, yenye vinyweleo kama sifongo. Umbo halibadiliki, kinachopotea ni nguvu. Ndiyo maana shingo letu lilionekana zima hata siku lilipokatika. Bronzi, iliyo shaba nyekundu iliyochanganywa na bati, hustahimili vizuri zaidi. Iko pia brasi iliyotengenezwa isipoteze zinki yake; alama zake ni CR, au DZR, au CW602N. Brasi ya kawaida ya mabomba aghalabu huwa na alama CW617N. Zote mbili zikipakwa rangi ya fedha hufanana kama mapacha; kwa hiyo mnunuzi asome alama, asiamini mng'ao. Chuma kisichoshika kutu nacho kina udhaifu wake: maji ya chumvi yakituama katika nafasi nyembamba isiyopata hewa, hukitoboa. Ziko pia bilula za nailoni iliyotiwa nyuzi za kioo, ambazo haziliwi na chumvi kamwe. Lakini shingo na bilula yake viwe vya namna moja.

Pili ni namna ya bilula. Ile yenye gurudumu, inayofungwa kwa kuzungushwa mara nyingi, haifai chini ya maji. Mtu akiitazama hajui kama i wazi au imefungwa, na mchanga ukiingia katika mlango wake haufungi sawasawa. Ifaayo ni ile ya tufe lenye tundu katikati, yenye mkono mmoja. Mkono ukilala sambamba na bomba, maji hupita. Ukikingama, maji hukoma. Hata gizani mkono wa baharia utajua.

Tatu ni ufungaji. Hesi za shingo na hesi za bilula ziwe za aina moja. Baadhi ya bilula za nyumbani zina hesi zinazochongoka, na shingo la chombo lina hesi zilizonyooka. Zikikutanishwa hushikana kwa mizunguko michache tu, ingawa kwa nje zinaonekana zimekaza. Bilula na ikalie kitako cha mti mgumu kilichofungwa barabara kwenye ubao. Isiguse msumari wa chuma, kwa kuwa bronzi na chuma vikigusana katika maji ya chumvi, chuma huliwa upesi. Mpira ubanwe kwa vibanio viwili, visivyoshika kutu. Huko Marekani, baraza la American Boat and Yacht Council limeweka kipimo kwamba bilula iliyofungwa iweze kubeba ratili 500, yaani kilo 227, kwa sekunde 30 bila kuvunjika wala kuvuja. Uzito huo unazidi magunia mawili ya kilo mia mia. Ndipo tulipofahamu kwamba kifaa hiki hakikukusudiwa kuzuia maji tu, bali kustahimili pigo la gunia linaloanguka na mguu wa mtu anayejikwaa.

Nne ni ukaguzi. Tusidhani kwamba kifaa kipya hakina haja ya kukaguliwa. Kanuni ya kimataifa ISO 9093-1 ya mwaka 1994 ilihesabu madini kuwa yanastahimili kutu ikiwa hayaonyeshi kasoro yenye kuleta hatari katika muda wa miaka 5. Miaka mitano kwa mwenye mnazi ni muda mfupi sana.

Katika Umoja wetu desturi sasa ni hii. Kila bamvua, mashua inapopwelewa mchangani, nahodha hufungua na kufunga kila bilula, maana bilula isiyoguswa hukwama. Hutazama kama kuna chumvi nyeupe au kutu ya kijani penye maungio. Hukwaruza shingo kwa kisu: manjano ni salama, waridi ni hatari. Hugonga polepole kwa nyundo ndogo: madini mazima hulia, madini yaliyooza hutoa sauti ya kigae. Huuminya mpira ili aone kama umepasuka. Kabla ya kusi na kabla ya kaskazi, fundi naye hukagua ndani na nje. Kando ya kila tundu kimefungwa kwa kamba kizibo cha mti laini, kilichochongwa kama karoti, chenye kulitosha tundu lile. Hiyo ndiyo nguruzi ya wazee, imerudi kazini. Mashua ikitia nanga na watu wakashuka, bilula zote hufungwa, na ufunguo wa mashine huning'inizwa kwenye mkono wa bilula, ili asiwepo mtu wa kuiwasha mashine kabla ya kuipa maji.

Wahenga walisema kwamba chombo cha kuzama hakina usukani. Tuliposikia watu wakitufariji kwa methali hiyo baada ya ajali, tuliona haya, kwa kuwa chombo chetu kilikuwa na usukani na sisi ndio tuliokuwa tumeushika. Nahodha alikuwa ameona, alikuwa amesema, na sisi tukamwambia angoje mkutano. Bahari haina ajenda, wala haingoji idadi ya wajumbe itimie.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, Kamati imekubali masharti mawili, nasi tunayasoma mbele ya wote ili yasisahaulike. La kwanza: kifaa chochote kinachokaa chini ya maji kitanunuliwa kwa maagizo ya fundi yaliyoandikwa, na hakuna mtu wa ofisini, hata Katibu, mwenye ruhusa ya kukibadili kwa sababu ya bei. La pili: nahodha akisema chombo kisitoke, hakitoki, hata ghala likijaa mpaka mlangoni. Ataeleza sababu baadaye, na hataadhibiwa wala kupunguziwa malipo.

Shingo lililokatika tumeliweka juu ya meza ya ofisi, karibu na kidau cha wino. Mwanachama anayepita na alichukue mkononi, aone lilivyo jepesi. Kila tunapotaka kutia sahihi hati ya ununuzi hulitazama kwanza, ndipo tukashika kalamu.