Ndizi Mbivu kwa Tui na Iliki

Ndugu wakulima wa Handeni na Korogwe, kipupwe kimeingia, jioni baridi inauma, na mkungu wa mzuzu uliotundikwa jikoni umeiva wote kwa mara moja. Mchuuzi akiona maganda yameanza madoa, anataja bei ya kukuliza. Usimpe zote. Nyingine zipikie watoto.

Chagua ndizi sita zilizoiva lakini bado zimekaza. Zile laini mno zitageuka uji. Zimenye, zipasue kwa urefu, uzipange sufuriani. Nazi moja ikunwe na kukamuliwa: tui zito liweke kando, tui jepesi mimina juu ya ndizi. Tia kijiti cha mdalasini na chumvi chembe tu. Sukari? Hebu onja kwanza. Mzuzu mbivu una utamu wake, na sukari ya dukani ni fedha.

Ndizi zikiiva, tia tui zito na iliki tatu au nne zilizotwangwa. Hapa ndipo wengi tunapoharibu: moto mkali hukata tui, mafuta yakaelea juu. Basi toa kuni, tikisa sufuria, usikoroge na mwiko. Likianza kutokota, epua.

Iliki ya Usambara inunue ingali na ganda, uitwange siku hiyo hiyo. Iliyokwisha sagwa hupoteza harufu upesi. Na wewe wa Handeni ambaye nazi huipati karibu, maziwa ya ng'ombe yanafaa.

Mle jioni ile ile. Tui likilala huchacha.