Sauti ya Lumuma Ifike Kilosa

Ndugu watumishi na walimu, mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa, na madaraka yake yakakabidhiwa maofisa wa Serikali. Sheria Na. 7 ya mwaka 1982 ilizirudisha, nazo zikaanza kazi tena mwaka 1984. Tangu hapo mkulima wa vitunguu wa Lumuma husemewa na diwani wake katika Baraza la Madiwani la Kilosa, ambalo hukutana kila miezi mitatu. Lakini diwani hawezi kusema asiloambiwa. Mfereji ukibomoka, na mkutano mkuu wa kijiji usiitishwe wala muhtasari usiandikwe, Baraza litajuaje? Basi mwenye elimu asaidie kuandika, na mwananchi adai jibu. Baraza lisiloulizwa husahau limetumwa na nani.